Mpiga Ngoma wa Hosana

Ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi. Sharti uwashwe moto wa majani makavu, na uso wa ngoma uelekezwe kwenye miali yake, mpaka ngozi ijikaze na sauti itoke safi. Jumamosi moja alasiri, katika ua wa parokia yetu hapa Kamina, tulikuwa tumeuzunguka moto wa namna hiyo, wanaume kumi na mmoja wenye mvi, kila mmoja na ngoma yake mbele ya magoti. Mpita njia angedhani tunaota moto kwa uzee. Kumbe tulikuwa tunamngoja mtu.

Zamani tulikuwa kumi na tisa, wapiga ngoma wa kwaya ya shule. Tulijifunza kazi hiyo katika miaka iliyofuata 1977, wakati shule zilizotwaliwa na serikali mwishoni mwa 1974 ziliporudishwa mikononi mwa Kanisa. Tangu hapo watano wetu wamefariki, Mungu awape raha ya milele. Wawili wako mbali, wakatuma salamu tu. Tuliobaki tulikubaliana kukutana mara moja tena, kabla hatujazikana mmoja mmoja, ili tupige katika Misa ya Jumapili yale tuliyofundishwa utotoni, yaani ile Misa ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la Missa Luba.

Lakini mtu wa kumi na mbili alikuwa hajafika, na bila yeye hatukuweza kuipiga Hosana. Kwa nini hatukuweza, ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza.

MISA ILIYOZALIWA KAMINA

Vijana wengi wa siku hizi hawajui ya kuwa Misa hiyo ilizaliwa katika mji wetu. Mwaka 1953 alifika hapa Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1921. Alipewa kazi ya kuiongoza shule kubwa ya Kamina. Wakati huo, katika misioni nyingi za Afrika, ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa. Ilihesabiwa kuwa kitu cha michezo ya usiku na cha mizimu. Ndani ya kanisa paliimbwa nyimbo za Kigregori, na kinanda kikizifuatisha. Padre Haazen hakuwazuia watoto wasiimbe kama walivyoimba kwao, aliwatia moyo. Akaunda kikundi cha wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji wa siku zile.

Tarehe 23 Machi 1958 Misa yao iliimbwa kwa mara ya kwanza, hapa hapa Kamina. Mwaka huo huo wakasafiri hadi Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pia katika Maonyesho ya Ulimwengu yaliyofanyika Bruseli kuanzia Aprili hadi Oktoba. Sauti zao zikatiwa katika santuri, na mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeongoza kwa sauti yake pekee, wengine wakimwitikia.

Yafaa tukumbuke jambo jingine la maonyesho hayo. Katika viwanja vile vile palikuwa na kijiji cha kuonyeshea watu wa Kongo, wakikaa nyuma ya uzio wakifanya kazi za mikono, na baadhi ya watazamaji wakawarushia ndizi na pesa. Watu hao hawakuvumilia aibu hiyo. Mwezi wa Julai waliondoka wakarudi kwao. Basi mwaka ule ule, mbele ya umati ule ule, Mkongo mmoja alitazamwa kama kitu cha ajabu, na Mkongo mwingine, mtoto wa shule kutoka Kamina, alisikilizwa kwa ukimya. Tunapowasimulia watoto wetu fahari ya safari ile, tusiwafiche na upande huo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, ukasema kwamba muziki wa mataifa, hasa katika nchi za misioni, upewe heshima na nafasi yake. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire. Watoto wa Kamina walikuwa wametangulia.

Santuri ile nayo ikatembea kuliko walioiimba. Gloria yake ilisikika katika sinema ya Pasolini juu ya Injili ya Mateo, mwaka 1964. Sanctus yake ilisikika katika sinema ya Kiingereza ya mwaka 1968 iitwayo If...., iliyopata tuzo kuu huko Cannes mwaka 1969. Tena kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliiimba Misa hiyo upya na kuitia katika santuri.

ILIVYOFUNDISHWA

Maneno ya Missa Luba ni ya Kilatini kama yalivyo katika kitabu cha Misa. Lakini muziki wake haukuandikwa kwanza kwenye karatasi. Ulitengenezwa katika mazoezi: mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, ngoma zikatafuta njia yake kati yao, na kilichopendeza kikabaki. Kyrie, Gloria na Credo zimefuata mtindo wa kasala, ambao ni wimbo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus na Benedictus zimetoka katika wimbo wa kuagana. Agnus Dei imetoka kwa Bena Lulua, upande wa Kananga. Na Hosana, ile ipandayo ghafula kama mtu aliyeona mgeni wake mlangoni, ina mdundo wa mchezo wa Kasai.

Mwalimu wetu wa ngoma alikuwa amejifunza kutoka kwa wakubwa wake walioimba na Padre Haazen, naye akatufundisha vivyo hivyo, kwa sikio na kwa mkono. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na kyondo, yaani ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba. Midomo miwili ya ufa huo hailingani: mmoja hutoa sauti ya juu, mmoja ya chini. Kwa kuwa Kiluba ni lugha ya sauti za juu na za chini, ambamo neno likibadilishwa sauti hubadilika maana, kyondo huweza kuiga maneno ya watu, na wazee walipelekeana habari kwayo kutoka kijiji hata kijiji. Mwalimu alitulazimisha tuseme kila mdundo kwa kinywa kabla ya kuugusa kwa fimbo. “Usichoweza kukisema,” alituambia, “mkono wako hautakijua.”

Kyrie tuliijua kwa juma moja. Sanctus ilichukua mwezi. Lakini Hosana ilitushinda. Mwalimu alitujaribu sote, mmoja baada ya mwingine, na kila mara aliinua kidole akisema, “Mkono wako wa kulia umefika mapema.” Mwishowe alimwita mvulana mmoja mwembamba aliyekaa nyuma, asiyependa kusema sana. Baba yake alikuwa ametoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Mvulana huyo aliweka ngoma katikati ya miguu, akafumba macho, akapiga. Hakufikiri. Alipiga kama mtu asemaye lugha ya mama yake. Sisi wengine tulicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo Hosana ikawa yake.

Kwa muda wa miaka kama kumi na minne tulipiga naye. Tulipiga Krismasi na Pasaka, tulipiga katika arusi zetu, tulipiga mapadre walipopewa daraja. Alikuwa mkubwa wa ubatizo wa watoto wawili katika nyumba zetu. Hatukuwahi kumwuliza kabila.

GARI LA MOSHI

Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993. Katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, watu waliotoka Kasai walianza kufukuzwa makazini na majumbani, ingawa wengi wao walizaliwa huku, na wazazi wao waliletwa tangu zamani kwa ajili ya migodi na reli. Jirani alimwita jirani yake mgeni. Watu mamia ya maelfu walihamishwa kwa nguvu. Huko Likasi na Kolwezi walilala majuma na miezi penye vituo vya reli, wakingojea usafiri. Wengi wao, hasa watoto wachanga, walikufa kwa maradhi kabla ya kupanda. Magari ya moshi yaliyowapeleka Mwene-Ditu yalipita hapa Kamina, kwa maana hapa ndipo njia za reli zinapokutana. Tuliyaona kwa macho yetu, yamejaa watu mpaka juu ya mapaa ya mabehewa.

Mwenzetu aliondoka katika siku hizo, yeye na mkewe na watoto wanne. Sisi hatukumfukuza. Hatukurusha jiwe, wala hatukuchukua kitu katika nyumba yake. Kwa muda mrefu tulijifariji kwa maneno hayo. Lakini ukweli ni huu: hatukumtetea pia. Tulijua siku, tulijua na saa. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kukaa nyumbani: huyu mtoto ana homa, yule anaogopa jirani zake watasemaje. Sisi tuliopiga mara nyingi kiasi hicho ile Sanctus iliyotoka katika wimbo wa kuagana, hatukwenda kituoni kuagana na ndugu yetu.

Jumapili iliyofuata tulipiga kama kawaida. Tulipofika penye Hosana, mahali pake palikuwa wazi. Mmoja wetu alijaribu, mkono wa kulia ukafika mapema. Basi tukaweka mdundo mwingine mwepesi, na waamini hawakuuliza. Pole pole kikundi chetu kilikufa. Watu walisema ni kwa sababu ya shida za nchi na uhaba wa mishahara, nasi tulikubali kwamba ndivyo.

ALIVYOKUJA

Tulipoanza kupanga kukutana tena, mkubwa wetu kwa umri alisema neno moja tu: “Tusipomwita yeye, mimi sishiki fimbo.” Ikachukua miezi kumtafuta. Hatimaye mtoto wa dada yake alitupatia namba ya simu. Mkubwa wetu ndiye aliyezungumza naye, akiwa peke yake nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. “Amesema atakuja,” akatuambia, “gari la moshi likipatikana.”

Jumamosi ile, jua likikaribia kuzama, pikipiki ya abiria ilisimama langoni. Akashuka mzee mwembamba mwenye mfuko mmoja. Tulisimama sote, na hakuna aliyejua aanze vipi.

“Yaya,” alimwambia mkubwa wetu, kama alivyomwita tangu utoto, “ngoma zimepata moto?”

“Zimepata, ndugu yangu. Lakini kabla hujaketi, tuna neno la kukuambia. Siku ile . . .”

“Nilikaa dirishani,” alijibu, “mpaka gari likaondoka. Nilikuwa nawatafuta.”

Hakuna aliyesema. Mkubwa wetu akapiga magoti chini, mzee wa miaka zaidi ya sitini, na sisi tukafuata. Yeye alitutazama kitambo, akamshika mkubwa wetu mkono akamwinua. “Yaya, simama. Sikuja kudai deni. Nimekuja kwa sababu mmeniita. Miaka yote hii hakuna aliyeniita.”

Usiku ule tulifanya mazoezi kidogo, tukazungumza sana. Alitutajia watoto wake, na yule mdogo aliyemzika kabla hawajapata nyumba huko Kasai. Nasi tulimtajia wafu wetu watano. Kwa kila jina alikumbuka mtu yule alipiga ngoma ipi, na mkono wake ulikuwa na kosa gani.

JUMAPILI

Hatutaki kuwadanganya kwamba tulipiga vizuri. Kyrie ilianza polepole mno, kama jeneza linalopandishwa kilimani. Katika Gloria mmoja wetu alipotea, akanyamaza mpaka mwisho. Credo hatukuithubutu kabisa, tukaisali kwa maneno pamoja na waamini. Vijana wa kwaya, wenye kinanda chao cha umeme na vipaza sauti, walitustahi, lakini tuliwaona wawili wakitazama saa.

Ikafika Sanctus. Sauti zilipanda taratibu, sauti za wazee zilizokwaruza. Kisha, penye Hosana, yule mwembamba alifumba macho.

Wasomaji wapenzi, mdundo ule haukuwa umesikika katika kanisa letu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwenye mabenchi ya nyuma mama mmoja mzee alisimama, akapiga kigelegele. Wengine wakafuata. Tulijua familia hiyo. Ni watu wa Kasai waliorudi hapa baadaye, nao hukaa nyuma daima. Sisi wapiga ngoma tulimfuata mwenzetu bila kujua tunafuata nini, na mikono yetu, ambayo asubuhi ilikuwa mizito, ikaona njia. Wale vijana hawakutazama saa tena.

Baada ya Misa mtoto mmoja wa kwaya, wa miaka kumi hivi, alibaki amesimama karibu na ngoma.

“Papa,” alisema, “nionyeshe.”

Akaonyeshwa. Akajaribu. Mzee akainua kidole, na sisi sote tulijua atasema nini kabla hajafungua kinywa: “Mkono wako wa kulia umefika mapema.”

Alikuwa amepanga kukaa siku mbili, akakaa juma zima. Kila alasiri mtoto yule alikuja, kisha akaja na wenzake, wasichana kwa wavulana. Siku ya sita, mtoto yule aliusema mdundo kwa kinywa bila kosa, kisha akaupiga.

MANENO MACHACHE KWA WASOMAJI

Wengine watasema, kwa nini kusumbuka, maana santuri ya mwaka 1958 ipo, na leo kila mwenye simu aweza kuisikiliza. Ni kweli, nasi tunashukuru. Lakini santuri haimwoni mtoto, wala haiwezi kumwambia kwamba mkono wake wa kulia umefika mapema. Tuliisikiliza santuri hiyo mara nyingi katika miaka ya ukiwa wetu, na Hosana haikuturudia. Mambo yaliyofundishwa kwa mkono hukaa ndani ya watu. Ukimfukuza mtu, au ukimwacha afukuzwe, unafukuza na kile alichokishika kwa niaba yako.

Twaona pia jambo jingine. Misa yetu ilipewa jina la Waluba, lakini haikutoka kwa watu wa mji mmoja. Katanga imo ndani yake, na Kasai imo, na Bena Lulua wamo, na Kilatini cha Kanisa zima kimo. Watoto wa mwaka 1958 waliviweka vyote hivyo katika wimbo mmoja, bila kuuliza kipi ni cha mwenyeji na kipi ni cha mgeni. Watu wazima ndio waliokuja baadaye na maswali hayo.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi na walimu: kama katika parokia yenu wapo wazee waliopiga ngoma au kuimba zamani, waiteni wangali hai. Yaandikeni majina yao, maana majina ya wengi wa wale wavulana walioimba Ulaya hayatajwi siku hizi, ingawa sauti zao zinajulikana mabara yote. Wekeni mtoto karibu na mkono wa mzee. Na kama yuko mtu ambaye hamkumsindikiza siku yake ya taabu, msingoje miaka thelathini. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu naye hufa.

Siku mwenzetu alipoondoka tulikwenda kituoni sote kumi na mmoja, na watoto wa kwaya wakija nyuma na ngoma mbili. Gari lilichelewa kama kawaida, basi tukakaa kwenye sakafu tukala karanga, yeye akiwa katikati. Lilipokuja akapanda, akakaa dirishani. Mtoto yule wa miaka kumi akaanza Hosana, na mkono wake wa kulia ulifika kwa wakati wake. Tulisimama pale mpaka behewa la mwisho lilipopita, ndipo tukarudi nyumbani.